Barazani kwa Bibi: Madaftari mawili

Barua za mwezi huu ni nyingi, na nyingi ni za mapenzi. Hizo zitasubiri, wapenzi hawana haraka kama wanavyodhani. Nimechagua mbili. Ya kwanza naijibu nimesimama, ya pili imenilazimisha nikae kitako.

Swali: Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa Unguja, Mkristo wa kuzaliwa. Jina langu ni la siku niliyozaliwa, Khamis, kama alivyoitwa babu yangu. Nimeanza kusali na kikundi cha vijana wenzangu, nao wanasema jina hili linanirudisha nyuma kiroho, nitafute la kwenye Biblia. Nibadilishe?
*Khamis, Unguja*

Jibu: Marahaba mjukuu wangu. Usibadilishe.

Mwaka 1864 Sultani Majid wa Zanzibar alimpa Askofu Tozer, wa misheni ya Kianglikana, watoto watano wa kiume waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao ndiye aliyekuja kuitwa John Swedi, mwengine George Farajallah. Swedi alipewa ushemasi mwaka 1879. Na padri wa kwanza Mwafrika wa misheni ile, mwaka 1890, alikuwa Cecil Majaliwa, Myao aliyelelewa Kiungani, kwenye skuli ya misheni. Yatazame majina yao: huku la ubatizo, huku Swedi, Farajallah, Majaliwa. Walisimama nayo mbele ya altare na altare haikuporomoka.

Kama unalionea haya jina lako, basi haya hiyo haitoki kwenye jina, na itakufuata hata ukijiita Melkizedeki. Waulize hao wenzako babu zao waliitwa nani.

Swali: Bibi, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka arubaini na miwili, nakaa Wete, Pemba. Babu yangu alikuja kuchuma karafuu kutoka bara, akabaki. Baba kazaliwa hapa, na mimi nimezaliwa hapa, ila nikisema naenda kanisani bado naulizwa kwetu ni wapi. Hilo nimeshalizoea.

Mume wangu hukodi mikarafuu ya watu. Msimu ukifika, kazi yangu mimi ni daftari. Jioni wachumaji wakishachambua makonyo, napima pishi moja moja, naandika jina, pishi ngapi, kachukua kiasi gani cha mbele, anadai nini. Sijawahi kugombana na mchumaji kwa hesabu, na hili nalisema kwa kujivuna kidogo.

Ninalo daftari jengine ambalo hata mume wangu halijui. Nililianza miaka sita iliyopita, siku ya Jumatano ya Majivu. Upande mmoja naweka alama siku nilizosali asubuhi, siku nilizofunga, sadaka niliyotoa. Upande wa pili naandika nilipokosa: nimemjibu vibaya mama mkwe, nimelala bila sala, nimedanganya bei. Mwisho wa mwezi najumlisha. Mwezi ukiwa mzuri naenda komunyo nimeinua uso. Ukiwa mbaya nakaa benchi la nyuma, na wakati wa komunyo natoka nje kana kwamba nakwenda kumtazama mtoto, na mtoto mwenyewe ana miaka kumi na minne. Tangu Pasaka sijapokea. Kanisa letu lina watu wachache, Jumapili nyengine hatujazi mabenchi manne, kwa hiyo asiyepokea anaonekana.

Katekista wetu wa zamani alitufundisha tujione wadudu mbele za Mungu, na Zaburi alikuwa akitusomea. Mwaka jana akaja mhubiri kutoka mjini, akahubiri nyumbani kwa rafiki yangu. Yeye akasema huo ni ujinga, sisi ni watoto wa Mfalme, kichwa wala si mkia, na kilicho chetu inatupasa tukidai. Wiki mbili nilitembea kama mke wa waziri. Halafu mwanangu akaumwa. Nikadai, nikadai, homa haikushuka mpaka tulipompeleka hospitali akachomwa sindano. Nikarudi kuwa mdudu. Sasa sijui nijioneje. Ninachojua ni kwamba nikipiga magoti sina la kusema, maneno yanakatika.

La mwisho halihusiani, lakini linaniudhi. Ramadhani iliyopita jirani yangu, Muislamu, aliniletea futari, muhogo wa nazi kwenye sahani yake nzuri ya maua. Unajua kwetu sahani hairudi tupu. Siku ile sikuwa na kitu, na kesho yake pia. Nikasema nisubiri nipike cha maana. Mpaka leo sahani iko kwangu, na nikimwona anakuja njia hii mimi nakata kona.
*Mama wa Daftari, Wete*

Jibu: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo.

Kuna neno tunalolitamka kila siku hata hatulisikii tena: kibarua. Zamani hapa Unguja mtu wa kazi za kutwa alipewa kijikaratasi, barua ndogo, cha kuonyesha kwamba siku ile kafanya kazi. Kijikaratasi ndicho kilichompa jina. Na wengi wa vibarua hao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, ujira wakigawana nao jioni. Nalitaja kwa sababu wewe, mwanangu, unasali kibarua. Umelichukua daftari la wachumaji ukaingia nalo kwenye sala, na safari hii aliyeandikwa juu ya ukurasa ni wewe mwenyewe, na mwenye kupima pishi umemfanya Mungu.

Unauliza ujione mdudu au ujione mtoto wa Mfalme. Mimi naona katekista wako na mhubiri wako wanasoma daftari moja. Mmoja kakuonyesha ukurasa wa madeni, mwengine kakwambia ukadai mshahara. Ndiyo maana ilikuwa rahisi sana kutoka kwa huyu kwenda kwa yule na kurudi, tena kwa homa moja tu ya mtoto. (Yule aliyemchoma mwanao sindano ulimshukuru? Nauliza tu.)

Na aya zao zote mbili zimekatwa katikati. Neno la mdudu limo katika Zaburi ya 22, Zaburi ile ile ambayo Bwana wetu aliutamka mwanzo wake msalabani. Anayesema pale ni mtu anayechekwa. Wapitao wanamtikisia kichwa, naye anasema jinsi macho ya watu yalivyomfanya. Lakini analisema kwa nani? Kwa Mungu, uso kwa uso. Hakutoka nje kumtazama mtoto. Ama hicho kichwa na mkia, kimo katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 28, mstari wa 13. Siku nyengine mhubiri huyo akija, mwombe asishie hapo, aendelee mpaka wa 44, akutane na mkia.

Sasa fungua Luka 15. Kisa chenyewe unakijua, lakini kisome kama mtu wa daftari. Yule kijana aliyetapanya mali, alipokuwa kule kwa nguruwe alijitungia maneno ya kumwambia baba yake. Mwisho wa maneno hayo ni kwamba hastahili kuitwa mwana, afanywe kama mmoja wa watumishi. Padri mmoja aliyesoma Kiyunani aliwahi kunieleza kwamba neno lililoandikwa pale ni la mtu wa kulipwa, mtu wa ujira. Kibarua khasa. Kijana alikuwa na hesabu yake: nitafanya kazi, nitalipwa, taratibu nitalilipa deni. Akafika. Akaanza kuyasema. Soma polepole mstari wa 21 uone anapofika: anasema hastahili kuitwa mwana, kisha baba anaingilia kati, anaita nguo, pete na viatu. Lile ombi la ukibarua halikupata nafasi ya kutoka mdomoni.

Ila mimi anayenigusa zaidi ni yule mkubwa, maana ndiye aliyekaa nyumbani, ndiye anayefanana na sisi tunaofagia kanisa. Huyu naye kumbe alikuwa na daftari. Miaka yote hii nimekutumikia, sijavunja amri yako, na hukunipa hata mwana-mbuzi. Mwana-mbuzi alikuwa amemwandika! Watoto wawili wa nyumba moja, mmoja mwenye ukurasa mchafu na mmoja mwenye ukurasa safi, na wote wawili wanajiona vibarua kwa baba yao. Aliye nje ya mlango mwisho wa kisa ni huyu wa ukurasa safi. Kwa hiyo, mwanangu, ile miezi yako mizuri unayoendea komunyo umeinua uso inanitia wasiwasi kuliko ile mibaya.

Usidhani nakucheka. Ugonjwa huu umo katika nyumba yetu.

Mama yake bibi yangu aliteremshwa kwenye jahazi akiwa mtoto. Akalelewa Mbweni, kwenye shamba ambalo misheni ililinunua kwa ajili ya watu waliokombolewa. Siku za sikukuu wakitembea mpaka Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa pale palipokuwa na soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huo huo. Mbele ya altare pana duara la marumaru nyeupe. Tunaambiwa ndipo palipokuwa na mti ambapo watumwa walikuwa wakichapwa. Bibi yangu alikuwa akisema mama yake hakulikanyaga duara lile hata mara moja, alilizunguka. Na palikuwa na jambo jengine. Likisomwa somo ambamo Paulo anajiita mtumwa wa Kristo, mama huyo alikuwa akikohoa. Anakohoa kwa makusudi, kwa nguvu, mpaka neno lipite. Wazungu walidhani ana kifua.

Mimi nilipokuwa mdogo kisa hicho kilinifurahisha sana, nikimwona shujaa. Nilipokua bibi akaniongezea sehemu ya pili. Mama huyo aliyelikataa neno la utumwa alikuwa kila Jumamosi akifagia kanisa la Mbweni, hakukosa, jua na mvua. Uzeeni miguu ikavimba akalala. Padri akaja kumpa komunyo kwenye kitanda cha kamba. Akakaza mdomo. Akasema, "Sijafagia mwezi wa tatu huu, nitapokeaje?" Neno alilikohoa maisha yake yote, lakini mwili ulikuwa umejifunza zamani kwamba chakula hakiliwi kabla ya kazi. Padri hakumhubiria. Alichukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango, akafagia chumba kile chote, uvungu na yote, kisha akanawa mikono na kurudi kitandani. Akapokea.

Bibi yangu alikuwapo, msichana wa miaka tisa, ndiye aliyemtekea padri maji.

Nimefikiri mara nyingi kwa nini mtu aliyewekwa huru na sheria na akabatizwa na maji, ndani yake bado anabeba kijikaratasi cha kibarua. Yeye alikuwa na sababu. Aliwahi kutiwa bei. Wewe nakudhania sababu yako ni ile uliyoiandika haraka haraka ukaipita, kwamba unaulizwa kwenu ni wapi. Umesema umezoea. Sidhani. Mtu anayeulizwa kila siku kwao ni wapi, tena mahali alipozaliwa, hujifunza kuishi kama mgeni anayeogopa kuchosha wenyeji: asikosee, asidaiwe, asionekane mzigo. Na sisi Wakristo wa visiwa hivi, kwa uchache wetu, tuna na mzigo wa juu yake. Mmoja akilewa, tumelewa sote. Mmoja akigombana sokoni, kanisa zima limegombana. Basi tunajichunga mpaka tunajichosha, kisha tunadhani uchovu ule ndio imani. Umeingia hivyo kwa Mungu pia, kama mgeni anayekaa ukingoni mwa kiti. Na mgeni wa namna hiyo atasema nini akipiga magoti? Lazima maneno yakatike.

Lakini majirani ni majirani, na Mungu si jirani wa kukuuliza kwenu wapi.

Utaniambia: basi, Bibi, nisihesabu dhambi? Mama mkwe nimjibu nitakavyo? La. Ile ya mama mkwe ni kosa, na kuliandika kwenye daftari hakukumpunguzia yeye uchungu hata kidogo. Mwendee. Makosa ya namna hiyo hayataki kalamu, yanataka miguu. Ya kudanganya bei vilevile, unamjua uliyemdanganya. Na padri wenu akija, kaungame mara moja, kwa maneno machache, bila daftari mkononi, kisha upokee Jumapili hiyo hiyo. Usisubiri mwezi uwe mzuri. Ukikaa kwenye kanisa la mabenchi manne, kaa benchi la pili.

Daftari lenyewe sikwambii ulichome. Karatasi zilizobaki mpe mtoto afanyie hesabu za skuli.

Kuhusu kusali. Umesema maneno yanakatika. Sala aliyotufundisha Bwana inaanza na neno moja, na ukilitazama neno hilo, ndilo jibu la swali lako ulilonitumia kurasa mbili: Baba. Wewe umekuwa ukilipita mbio kwenda kwenye madeni. Kwa sasa liseme hilo tu, halafu kaa kimya. Kama dakika tano ni nyingi, kaa mbili. Usiandike popote kwamba ulikaa.

Najua litakutatiza, kwa sababu wewe ni mpimaji mzuri, na mpimaji mzuri hapendi kisa cha Mathayo 20, cha wale waliokuja shambani saa kumi na moja wakalipwa sawa na waliotoka alfajiri. Saa kumi na moja, mwanangu, saa yetu hii hii, jua limeshakuwa la njano, watu wanafunga makapu. Ufanye hivyo Wete katika msimu, wachumaji watakuvunjia mlango, na watakuwa na haki. Kwa karafuu endelea kupima pishi kwa pishi, usimdhulumu mtu. Ninachosema ni kwamba yule mwenye shamba hakuwa akipima.

Nimeahidi moyoni nisimalize bila ile sahani uliyosema haihusiani. Ilihusiana kuliko yote. Jirani yako alikuletea chakula, na wewe badala ya kula na kufurahi ukafungua ukurasa. Tangu siku hiyo si jirani tena, ni mtu anayekudai, na mtu anayekudai humkwepa. Miezi yote hiyo hujajua kama mwanawe aliyekuwa mjamzito kajifungua, au mumewe karudi kutoka baharini. Nabuni tu, lakini nawe hujui, sivyo? Naye anaiona njia yako inavyokata kona, na pengine yuko kwake anajiuliza muhogo ule ulikuwa na nini.

Mila ya kurudisha sahani na kitu ndani ni mila nzuri, mimi nimelelewa nayo na nitakufa nayo. Safari hii ivunje. Usipike. Usinunue hata maandazi. Ioshe, ifute, kesho baada ya alasiri uende kwake nayo mkononi, tupu, ubishe hodi. Akikwambia karibu, ingia ukae.